Ruzuku ndogo kwa vikundi vya kudai haki mtaani ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia ruzuku wanawaza mradi, gari lenye nembo mlangoni na semina hotelini. Hii ninayoiongelea ni nyingine kabisa. Ni hela kidogo, mara nyingi dola mia kadhaa mpaka elfu chache, inayopewa kikundi cha watu wa mtaani waliojikusanya wenyewe kudai haki yao, iwe ni maji, ardhi, ushuru wa soko au kijana wao aliyeuawa na polisi, na hela hiyo hairudishwi.

Hapo kwenye kurudishwa ndo wengi wanachanganya, maana Tanzania tuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ile haina riba ila ni mkopo, mnarejesha, na ni ya biashara. Huwezi kwenda halmashauri kukopa hela ya kwenda kuibana halmashauri hiyohiyo.

Sasa hela kidogo hivyo inafanya nini? Chukulia mama lishe kumi na tano wapo sokoni, ushuru wanalipa kila siku, choo hakuna, na wanataka kujua hela inaenda wapi. Inabidi waandike barua kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani, nakala kwa mwenyekiti wa soko, hiyo ni stashonari. Halafu nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mkifika mnaambiwa mhusika yuko kikaoni njooni Alhamisi, Alhamisi mnarudi tena. Na mama aliyekwenda huko siku hiyo hajawasha jiko, kwa hiyo jioni nyumbani hamna kitu, na akienda mara tatu hivyo anaacha, siyo kwamba kakata tamaa na haki yake, ni kwamba watoto lazima wale. Ruzuku ndogo inalipa hiyo nauli, fotokopi, bando, viti vya kukodi vya kikao na kafidia kadogo ka siku ya biashara iliyopotea. Hako kafidia ndo wafadhili wengi wanakakataa, wanaona kama posho, na mimi naona hapo wanakosea sana kwa sababu bila hako anayebaki kwenye harakati ni yule tu mwenye mshahara.

Angalia Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi. Wakazi wenyewe kupitia kituo chao cha haki walikusanya habari za vijana waliouawa na polisi mtaani kwao na ripoti ikatoka 2017. Kazi ya vile haitaki ghorofa, inataka mtu anayejulikana mtaani aingie nyumba kwa nyumba akae na mama wa marehemu mpaka aongee.

Mbona wafadhili wakubwa hawatoi wenyewe? Kwa sababu kukagua maombi ya milioni 5 na ya milioni 500 kwao kazi ni karibu ileile, hivyo wanaona bora watoe kubwa moja. Ndo maana kuna mifuko ya katikati inayochukua kubwa na kuigawa vipande. Kwetu upo Women Fund Tanzania Trust tangu 2008 kwa vikundi vya wanawake na wasichana, Nairobi kuna Urgent Action Fund-Africa wanaosaidia haraka mambo ya dharura, Accra kuna African Women's Development Fund. Marekani Resist ya Boston ilianza 1967 ikiwaunga mkono vijana waliogoma kwenda vita vya Vietnam, baadaye ikaendelea kugawa ruzuku ndogo kwa vikundi vya wanaharakati.

Mkitaka kuomba andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao uliosainiwa, akaunti ya kikundi yenye wasaini zaidi ya mmoja, na andiko fupi la kueleza mnataka kufanya nini na hela. Kama hamjasajiliwa mnaweza kupitia shirika lililosajiliwa likawashikia hela, ila asilimia watakayokata iandikwe mapema. Daladala na boda hawatoi risiti, kwa hiyo tengenezeni karatasi ya nauli, jina, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, saini. Ijazeni siku ileile, msisubiri wiki ya ripoti.

Na kabla ya kusaini mkataba muulizeni mfadhili, mambo yakibadilika tunaruhusiwa kubadili matumizi? Mlipanga vikao vitatu, ghafla mwenzenu kakamatwa, mnahitaji wakili na nauli ya kwenda mahakamani kesho asubuhi, hamna muda wa kuomba kibali wiki mbili. Wapo wanaokubali kabisa na wapo wanaotaka kila shilingi ibaki kwenye mstari wake wa bajeti, sasa jibu lao lipateni kwa maandishi, hata barua pepe inatosha.