Kabla hujasema msitu hauna kitu

Likizo zinapokaribia, simu kwenye vituo vya hifadhi za misitu huongezeka, na swali huwa lile lile: "Huko kuna wanyama gani?" Baada ya ziara huja malalamiko, nayo ya aina moja: tumelipa, tumetembea, hatujaona kitu. Makala haya yanawahusu wanaopanga kutembelea Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mkoani Tanga, ingawa mengi yaliyomo yanafaa kwa msitu wowote wa hifadhi.

Tuelewane mapema. Anayetaka simba aende Mikumi au Serengeti. Amani ni msitu wa mvua wa Usambara Mashariki, uliotangazwa mwaka 1997 kuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, na viumbe wake wengi ni wadogo, wamejificha, au wako juu kabisa ya miti. Hakuna gari litakalokusogeza karibu nao. Unachotakiwa kufanya ni kukaa kitako.

Kikundi kinapoingia kwa soga na vicheko, kima hutoa mlio wa tahadhari na ndege hunyamaza. Kimya hicho ndicho mnachokwenda kusimulia mjini kwamba msitu ni mtupu. Chagueni sehemu moja kando ya njia, zimeni simu, mkae mkiachana hatua kadhaa, kila mmoja na upande wake wa kuangalia. Dakika za mwanzo zinachosha, hilo tunalijua. Vumilia. Macho yakishazoea kivuli na masikio yakasahau injini ya gari, ndege wadogo wa vichakani huanza tena kuitana na ndege aitwaye chozi hurudi kwenye maua yake. Hondohondo utamsikia mbawa kabla hujamwona, kwa jinsi zinavyovuma.

Usianze na vya mbali. Chukua eneo lisilozidi upana wa mkeka, mbele ya miguu yako, uliangalie mpaka ulichoke, kisha uliangalie tena. Chukulia umekaa karibu na mti uitwao msambu. Tunda lake ni kubwa, mengine hufika kilo kadhaa, na huanguka lenyewe likikomaa. Lichungulie bila kulibeba. Ukikuta limetobolewa na kingo za tundu zina alama za meno, panya buku amefika kabla yako. Mbegu nyingine huzila, nyingine huzibeba na kuzifukia kwa akiba, na zile anazozisahau ndizo huota miche mbali na mti mama. Mbegu hizo hizo ndizo wanavijiji hukusanya kwa ajili ya mafuta. Hapo umekaa sehemu moja tu, na tayari umeona msitu unavyojipanda.

Majani makavu yaliyo kando nayo yaangalie vizuri, maana Usambara Mashariki ina vinyonga wadogo wa ardhini ambao ukiwatazama mara moja huwatofautishi na jani lililokauka. Huyo si mkosi wala hajatumwa na mtu. Tumechoka kuokota vinyonga waliopigwa mawe na watu wazima wenye elimu zao.

Ukaguzi wa namna hii hukuonyesha pia mabaya. Musizi, mti wenye shina lililonyooka na ambao wageni huusifia sana, haukuwa wa msitu huu. Ulipandwa Amani enzi za ukoloni, na palipokatwa magogo ukapata mwanga na kuenea. Hondohondo hupenda matunda yake na ndiye anayetawanya mbegu. Kwa hiyo ndege yule yule uliyemfurahia ni msambazaji wa mti vamizi. Hatumlaumu, ila ni vizuri ujue kwamba si kila kijani unachokiona ni afya.

Wapo wanaoona kutulia msituni ni mambo ya wageni. Ni kweli Wajapani waliuhimiza utaratibu huo kupitia wakala wao wa misitu tangu mwaka 1982, kwa jina la shinrin-yoku. Lakini waulize wazee wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, wanaotambua mti kwa harufu ya majani yake, kama walimsubiri mtu wa kuwafundisha. Tahadhari moja: utulivu huu si tiba inayochukua nafasi ya daktari. Mwenye maradhi aende hospitali.

Sasa taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu huingia matatani. Sheria ya Misitu, Sura ya 323, inataka kibali kwa anayeingia katika msitu wa hifadhi kwa utalii au kupiga kambi. Kibali hutolewa baada ya malipo, na malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba ya Serikali kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata kama amevaa sare. Tunza stakabadhi mpaka utoke, maana inaweza kukaguliwa njiani na si langoni peke yake. Kibali cha kutembea si kibali cha utafiti: mtafiti anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Droni nayo ina usajili wake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usajili huo haukupi ruhusa ya kuirusha juu ya hifadhi.

Kuchimba mche, kukwangua gome, kuandika jina kwenye shina, kuwasha moto, kukamata mnyama: yote hayo bila kibali ni makosa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na vifaa vilivyotumika vinaweza kutaifishwa. Anayekiri kosa kwa maandishi anaweza kufifilishiwa, yaani akalipa bila kufikishwa mahakamani, lakini huo ni uamuzi wa mwenye mamlaka na si haki ya mkosaji kudai. "Sikujua" haikubaliki kama utetezi.

Suala la miche linahusu hasa lile ua dogo la urujuani lenye majani ya manyoya, linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Ndilo asili ya maua ya vyunguni yanayouzwa Ulaya na Marekani, tangu mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipopeleka mbegu zake kwao mwishoni mwa karne ya 19. Kuling'oa mwambani kwa matumaini kwamba litashika nyumbani Dar es Salaam ni kuliua. Piga magoti, liangalie, lichore kama unaweza.

Shule zitume barua mapema, ikitaja tarehe, idadi na umri wa wanafunzi pamoja na mwalimu atakayewasimamia. Kila mwanafunzi aje na daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki vizuri karatasi ikilowa, na Amani karatasi hulowa. Spika za muziki zibaki kwenye basi.