Chaneli huandikwa mwisho: kupima draiva za DMA kwa dmatest

Ndani ya kompyuta prosesa ina hamali wake, DMA. Hupewa anwani ya mzigo ulipo, anwani unakokwenda na idadi ya baiti, kisha hubeba mwenyewe huku prosesa ikishughulika na mengine. Anayempa amri ni draiva, programu inayoendesha kifaa. Draiva ikikosea anwani kwa baiti chache, data huharibika kimyakimya, na inayoanguka huwa programu nyingine kabisa isiyo na kosa.

Keneli, kiini cha mfumo wa Linux, ina moduli (kipande cha programu kinachopakiwa ndani yake) ya kuinasa draiva ya namna hiyo: dmatest. Huandaa sehemu mbili za kumbukumbu, baiti 16,384 kila moja usipoibadilisha, huzijaza alama inazozijua, huagiza kipande cha urefu wa kubahatisha kinakiliwe, kisha hukagua. Haiangalii mzigo uliofika tu. Huangalia pia kama chanzo kimebaki kilivyokuwa, na kama baiti zilizo kando ya kipande zimeguswa. Mimi hapo kandoni ndipo huanza kuchungulia.

Majina ya chaneli, yaani njia ambazo DMA hubebea mizigo, yamo katika /sys/class/dma. Ukiwa na mamlaka ya root, pakia moduli, ingia /sys/module/dmatest/parameters, uandike:

echo 2000 > timeout
echo 1 > iterations
echo dma0chan0 > channel
echo 1 > run

Wanaojifunza kwetu hukwama kwenye mpangilio huu. Tangu keneli 5.0, chaneli huchukua vigezo vilivyopo wakati jina lake linapoandikwa. Ukianza na channel, ile iterations ya baadaye haiifikii. Itabaki na 0, maana yake kurudia bila kikomo, mpaka uandike 0 kwenye run. Keneli za zamani hazikuwa hivyo, kwa hiyo anayeandika maelezo bila kutaja toleo anamtega msomaji.

Majibu yako kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli. Jaribio likifaulu, jibu lake ni mstari wa muhtasari tu. Likishindwa, src_off, dst_off na len vitakuonyesha kipande kilianzia wapi, kilikwenda wapi na kilikuwa na urefu gani.

Likiishiwa muda, usikimbilie kuongeza timeout, ambayo ni milisekunde. Andika 1 kwenye polled, kabla ya channel bila shaka, ili moduli ichungulie yenyewe badala ya kungoja katizo, ishara ya kifaa kwamba kimemaliza. Likifaulu hivyo, kafungue /proc/interrupts uone kama katizo la kifaa linafika.