Joto kwenye bustani ya mboga: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nyanya hupenda jua, kwa hiyo joto likizidi zitazaa zaidi.

Nyanya hupenda mwanga, lakini joto lina kipimo chake. Hustawi mchana ukiwa na nyuzi 21 hadi 29 za Selsiasi na usiku 15 hadi 20. Mchana ukipita 32 na usiku ukabaki juu ya 22 hivi, chavua hudhoofika, ua halirutubishwi, kikonyo hugeuka njano na ua hudondoka. Madhara huanza wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka, chavua inapotengenezwa. Kwa hiyo maua yanayodondoka leo mara nyingi yaliharibiwa na joto la siku zilizopita.

Mmea wenyewe hubaki wa kijani na umenawiri, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaongeza urea wakidhani mbolea imepungua. Naitrojeni iliyomo kwenye urea husukuma majani tu. Dar es Salaam, kuanzia Januari hadi Machi, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 24, na hakuna mbolea inayoweza kutibu hilo. Kinachosaidia ni kalenda. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili kwenye kitalu kilichoezekwa dhidi ya mvua, hamisha miche baada ya wiki 4, ili maua yatoke mwishoni mwa Juni na Julai, kipupwe kikiwa kimeingia.

Dhana: Nyanya zikiiva na rangi ya njano, mbegu ni mbovu.

Si lazima. Joto likipita nyuzi 30, tunda huacha kutengeneza rangi nyekundu huku ile ya njano ikiendelea. Chuma nyanya zinapoanza tu kubadilika rangi, uziivishe kivulini penye hewa.

Dhana: Mmea ukinyauka saa saba mchana, una kiu.

Chomeka kidole ardhini sentimita 5 hadi 7. Udongo ukiwa na unyevu, usimwagilie: majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyavuta, na jioni mmea utasimama. Ukiendelea kujaza maji, mizizi itakosa hewa. Asubuhi ukiukuta bado umenyauka, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaopenda udongo wenye joto. Ng'oa mmea huo na udongo wake, na usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo hapo kwa misimu kadhaa.

Dhana: Matone ya maji huunguza majani juani.

Kwa kawaida hapana. Kinachounguza ni maji yaliyolala ndani ya mpira mweusi wa kumwagilia ulioachwa juani. Yaache yatoke kwanza mpaka yapoe.

Dhana: Kivuli kikiwa kizito ndiyo bora.

Wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 40 ya mwanga, uliofungwa mita 2 juu na pande zikiwa wazi, unatosha. Zaidi ya hapo mashina hurefuka na matunda hupungua. Tandaza pia nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina.

Dhana: Joto huua wadudu.

Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, huhitaji siku kama 76 kutoka yai hadi nondo penye nyuzi 14, lakini 24 tu penye nyuzi 27. Kagua majani mara mbili kwa wiki msimu wa joto.

Dhana: Mboga zote huumia sawa.

Mchicha, mgagani na bamia hukua vizuri hata penye nyuzi 30. Kabichi na karoti hutaka 15 hadi 20. Joto likizidi, kabichi hufunga kwa ulegevu na karoti huwa fupi, zimepauka. Mbegu za letusi nazo hugoma kuota udongo ukikaribia nyuzi 30. Zisie jioni na kumwagilia papo hapo, ili zinywe maji usiku udongo ukiwa umepoa.