Ma Ferguson wa Texas: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukitaja Miriam Ferguson, yule Ma aliyewahi kuwa gavana wa Texas, wa kwanza kujibu atakwambia ndo mwanamke wa kwanza kuwa gavana Marekani. Sio. Alichaguliwa siku moja na Nellie Tayloe Ross wa Wyoming, Novemba 1924, ila Ross aliapishwa Januari 5, 1925 na yeye tarehe 20, kapitwa siku 15 tu.

Halafu eti aligombea kupigania haki za wanawake. Hebu acheni. Aligombea sababu mumewe James alishazuiwa. James alikuwa gavana tangu 1915, akataka maprofesa fulani wa Chuo Kikuu cha Texas watimuliwe, chuo kikagoma, akaikata bajeti ya chuo karibu yote kwa veto, ndo 1917 bunge likamvaa na kwenye kuchimbachimba ukaibuka mkopo wa dola 156,500 ambao aligoma katakata kusema kapewa na nani. Seneti ikamkuta na hatia, akawahi kujiuzulu siku moja kabla ya hukumu akidhani kaponea hapo, wapi, akafungiwa asishike tena cheo Texas. Basi 1924 akaingia mama, na kampeni haikuficha kitu: magavana wawili kwa bei ya mmoja. Na huyo James enzi zake alikuwa anapinga wanawake kupiga kura, siasa bwana.

Ile kauli anayobandikwa ya "kama Kiingereza kilimtosha Yesu, kinawatosha watoto wa Texas" hakuna ushahidi aliisema, utani huo ulikuwa magazetini miaka mingi kabla hajaingia siasa.

Kwamba alikuwa muhuri wa mumewe tu, hapo kuna ukweli mwingi, sitabisha. Ila 2 tu msizisahau: alimshinda mgombea aliyebebwa na Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi waliojificha nyuso, na 1925 ikapita sheria ya kukataza vinyago vyao, japo mahakama iliitupa baadaye. Upande mwingine alisamehe wafungwa kama 100 kwa mwezi na minong'ono ya rushwa haikuisha, 1926 akapigwa chini na Dan Moody kwenye uchaguzi.

Alirudi ugavana 1933 akafukuza askari wa Texas Rangers, polisi wa jimbo, waliomuunga mkono mpinzani wake. Watu wanadhani Frank Hamer, Ranger maarufu, alikuwemo, kumbe alishaondoka mwenyewe, na kazi ya kuwasaka wale majambazi Bonnie na Clyde 1934 aliipata kwa idhini ya huyohuyo Ma.