Mpira wa kutolea povu: maana yake, na namna ya kuupitisha ndani ya friji finyu

Mpira wa kutolea povu ni mpira mnene unaotoka kwenye mdomo wa chombo cha kuchachushia bia na kuishia ndani ya chupa yenye maji kidogo. Unaipa hewa na povu njia ya kutoka, na wakati huohuo unaizuia hewa ya nje isiingie. Huwekwa siku za mwanzo, hamira ikiwa na nguvu. Povu likishatulia huondolewa, na mahali pake hukaa kizibo cha maji, kile kidude kidogo cha plastiki kinachotoa viputo kimoja kimoja.

Wengi huanza na kizibo hicho moja kwa moja, na mara nyingi mambo huenda vizuri. Shida huja pale povu linapopanda kuliko ilivyotarajiwa. Hamira ikila sukari ya kimea hutoa pombe na hewa ukaa, na hewa hiyo ni nyingi ajabu. Chukua lita 20 za maji ya kimea zinazosoma 1.050 kwenye haidromita, kile kipimo kinachoonyesha wingi wa sukari iliyomo, uziache zichachuke mpaka 1.010. Hapo hamira itakuwa imetoa karibu robo tatu ya kilo ya hewa ukaa, ambayo katika joto la kawaida la chumba hujaza zaidi ya lita 400. Nusu yake ikitoka ndani ya siku moja ya kilele, ni lita 8 hivi kila saa.

Lakini lita 8 kwa saa si kitu kwa tundu la kizibo. Hewa tupu ingepita hata kwenye mrija mwembamba mno. Kinacholeta balaa ni kile ambacho hewa hiyo inakibeba: povu zito lililojaa protini, chembe za hamira na vipande vya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), vyote vikinata kama uji uliokauka kwenye sufuria. Vitu hivyo vikiingia kwenye kizibo cha maji hukwama katika vijitundu vya chini, na tundu likishaziba hewa haina pa kwenda. Shinikizo ndani ya ndoo likipanda kwa sehemu moja tu ya kumi ya shinikizo la hewa ya kawaida, kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 30 husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Ndoo ya plastiki itarusha kifuniko chake. Chupa kubwa ya kioo iliyozibwa barabara inaweza kupasuka, na hiyo ndiyo sababu sipendi kabisa kuona kioo kikichachushiwa bia bila mpira mpana siku tatu za kwanza.

Kwa hiyo upana wa mpira ndio moyo wa dhana yote. Mpira wa milimita 6 unatoa hewa vizuri sana mpaka dakika ile kipande cha kwanza cha hopsi kinapoingia. Kwa ndoo ya kawaida, mpira wenye upana wa ndani wa milimita 12 au 13 ndio kiwango cha chini ninachokiamini. Kwa chupa yenye shingo pana, mpira wa milimita 25 hivi unaoingia moja kwa moja mdomoni, bila kizibo cha kuubana, ni bora zaidi. Kama huna mpira unaoenea kwenye tundu la kifuniko, kile kizibo cha maji cha vipande vitatu kina msaada. Toa kifuniko chake na kikombe cha ndani kinachoelea, kata ule msalaba mdogo wa plastiki ulio chini ya mguu wake, kisha valisha mpira juu ya mrija wa katikati. Ule msalaba usiusahau. Ndio unaokamata hopsi kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa tuingie ndani ya friji, maana hapo ndipo mambo mepesi hugeuka magumu.

Friji ya kuchachushia kwa kawaida ni friji ya jikoni iliyotolewa rafu, ikaunganishwa na kidhibiti joto. Chini nyuma pana kile kigongo kinachoficha kompresa, juu pengine panajitokeza kisanduku cha barafu, na mlangoni kuna vishubaka vinavyoingia ndani mlango ukifungwa. Ukiweka ndoo ya lita 25 hapo, mara nyingi nafasi inayobaki juu ya kifuniko ni ya kiganja kimoja. Mpira wa milimita 25 haugeuki katika nafasi hiyo. Ukiulazimisha, utakunjika kama bomba la bustani lililokanyagwa, na mpira uliokunjika ni sawa na kizibo kilichoziba. Ndiyo maana watu hukimbilia mpira mwembamba: unapinda kwa hiari. Friji inaomba wembamba, povu linadai upana.

Mimi husimama upande wa povu. Nilijifunza kwa bia ya ngano, ambayo hamira yake ina sifa ya kupandisha povu kuliko nyingi. Friji ilikuwa ndogo, nikachukua mpira mwembamba kwa sababu ulipita vizuri chini ya kisanduku cha barafu. Asubuhi ya siku ya pili nilikuta kifuniko kimeinama upande mmoja, povu limekauka ukutani na limeingia hadi kwenye mfereji mdogo wa maji ya barafu nyuma ya friji. Bia yenyewe ilipona. Harufu ya hamira iliyooza ilikaa ndani ya friji ile kwa wiki kadhaa.

Njia ya kutoka kwenye mgongano huo ni kutoupinda mpira pale juu hata kidogo. Weka elbo ya plastiki, pembe ya digrii 90, yenye upana uleule wa mpira, moja kwa moja juu ya kifuniko. Njia inalala ubavuni papo hapo, na mpira wenyewe unabaki na kazi ya kushuka tu. Elbo yenye tundu jembamba kuliko mpira haifai, kwa kuwa hopsi zitakwama pale pembeni. Kama elbo haipatikani, chovya kipande cha mpira kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa dakika chache mpaka kilainike, kipinde taratibu kikiwa kimewekwa kitu cha mviringo ndani ya kona, kisha kiache kipoe kikiwa hivyohivyo. Mpira wa PVC hushika umbo hilo. Wa silikoni haushiki, tena kwa ulaini wake hukunjika upesi, ingawa unastahimili kuchemshwa na kusafishwa vizuri zaidi.

Angalia pia mpira usining'inie katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Pale panapobonyea povu huyeyuka na kukaa, mashapo yanajikusanya, na umeshajitengenezea kizuizi. Kutoka kifunikoni, njia iwe ya kushuka moja kwa moja hadi kwenye chupa.

Chupa hiyo ikae wapi? Nafasi nzuri katika friji nyingi ni ile pembe kando ya kigongo cha kompresa, ambako ndoo haifiki. Penye ndoo iliyopandishwa juu ya kigongo, chupa hukaa mbele yake sakafuni. Vishubaka vya mlangoni vinavutia, ila kila ukifungua mlango unauvuta mpira, na siku moja utachomoka bila wewe kujua. Waweza pia kuifunga chupa ubavuni mwa ndoo kwa mkanda, mradi isibanane na kile kihisi cha kupima joto kilichobandikwa hapo, la sivyo kidhibiti kitakuwa kinasoma joto la chupa.

Kuna wanaopitisha mpira nje ya friji kupitia raba ya mlango. Mpira mpana huacha mwanya, baridi inatoka na kompresa haipumziki. Mwembamba unabanwa na mlango. Wengine hutoboa ukuta. Hapa naomba uwe mwangalifu sana, kwa sababu friji nyingi zina mabomba ya gesi ya kupozea yaliyofichwa ndani ya kuta za pembeni na nyuma, na tundu moja tu kwenye bomba hilo ndio mwisho wa friji. Gesi yenyewe katika friji nyingi za siku hizi ni ya aina inayoshika moto. Mlango kwa kawaida hauna mabomba hayo, lakini unaweza kuwa na nyaya. Binafsi sijawahi kuona haja ya kutoboa. Chupa ndogo ndani ya friji inatosha.

Ndani ya chupa tia maji yaliyochemshwa au dawa ya kuulia vijidudu isiyohitaji kusuuzwa. Mdomo wa mpira uzame sentimita 2 tu. Kila sentimita ya kina ni mzigo ambao hewa inalazimika kuusukuma kabla ya kutoka, na kuzamisha zaidi hakuongezi usalama wowote. Chupa isifungwe. Hili nalirudia kwa sababu nimeona watu wakitoboa kifuniko cha chupa, wakapitisha mpira, wakaziba pembeni kwa gundi ili povu lisiruke. Hapo umehamisha hatari kutoka ndoo hadi chupa, na hewa bado haina pa kutokea. Funika kwa karatasi ya alumini iliyolegea. Acha nafasi ya kutosha juu ya maji kwa ajili ya povu litakaloingia, na likishaingia kwa wingi mwaga, badilisha maji, rudisha. Kuacha maji machafu ya hamira siku tano kwenye friji iliyofungwa ni kukaribisha ukungu.

Jambo jingine la friji iliyofungwa: sehemu ya zile lita 400 inajikusanya humo. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu hivi, hivyo hutulia chini. Ukifungua mlango, usiingize kichwa ukavuta pumzi kunusa bia. Subiri kidogo, na chumba kiwe na dirisha wazi.

Mpaka hapa tumezungumzia njia ya kwenda. Sehemu ambayo maelezo mengi huiruka ni njia ya kurudi. Mpira ulioacha wazi njia ya kutoka ni wazi pia kwa kuingia, na friji ndiyo inayobadilisha uelekeo. Bia ikishachachuka, wengi huishusha joto hadi nyuzi 2 hivi ili hamira na mashapo yatue chini. Hewa iliyo juu ya bia inasinyaa. Kutoka nyuzi 20 hadi 2, inapungua kwa asilimia 6. Kama juu ya bia kulikuwa na lita 5 za hewa, theluthi moja hivi ya lita inatafutwa kutoka nje, na mvuto huo una uwezo wa kunyanyua maji karibu sentimita 60. Juu ya hilo, bia baridi hunyonya hewa ukaa zaidi kuliko bia ya uvuguvugu, hivyo mvuto unaendelea hata joto likishatulia. Maji ya chupa, pamoja na uchafu wake wote, yanapanda mpirani na kuingia kwenye bia. Kuinua ndoo hakusaidii sana, kwani ndani ya friji ndogo hupati hizo sentimita 60.

Hapa upana unakuja kukusaidia mara ya pili. Maji yanayoweza kupanda ni yale tu yaliyo juu ya mdomo wa mpira. Katika chupa yenye kipenyo cha sentimita 7, maji ya kina cha sentimita 2 hayafiki mililita 80. Mpira wa milimita 25, uliosimama sentimita 30 kutoka chupani hadi kwenye elbo, unabeba mililita 147. Maji yote yatapanda, yataishia katikati ya njia, kisha hewa itaanza kupita chini yake kwa viputo bila maji kufika kwenye bia. Mpira wa milimita 13 kwa urefu uleule unabeba mililita 40 tu, na maji yatakuwa yameshamwagika ndani. Mpira mpana na chupa nyembamba ndiyo jozi ninayoipendekeza kwa mtu yeyote mwenye friji finyu.

Hata hivyo, hewa itakayoingia ina oksijeni, nayo haina urafiki na bia iliyokomaa, hasa yenye hopsi nyingi. Afadhali usifike huko. Kilele cha povu kwa bia nyingi za nyuzi 18 hadi 20 huwa kati ya saa 24 na 72 tangu hamira ianze kazi. Siku ya nne au ya tano, povu likiwa limeshuka na kuacha pete ya kahawia kwenye kuta za ndoo, toa mpira, weka kizibo. Kabla ya kushusha joto, ondoa kizibo nacho na uweke mfuko laini uliojazwa hewa ukaa, ambao bia itanyonya kutoka humo badala ya kunyonya hewa ya jikoni. Mpira uoshe siku hiyohiyo kwa maji ya moto na brashi ndefu, maana povu la hamira likikaukia ndani ya elbo utalazimika kulikwangua kwa waya.