Inveta haikupi nguvu ya bure: wanayoambiana mafundi kuhusu mota mpya kwenye lethi kuukuu

Lethi yangu, yaani mashine ya kukereza chuma, ni Myford ML7, iliyoundwa Beeston, Nottingham, Uingereza. Ina kasi sita: mizunguko 35, 62, 112, 200, 357 na 640 kwa dakika. Tatu za juu ni za mkanda peke yake, tatu za chini mpaka uingize gia za nyuma, yaani gia za kupunguza kasi zilizo nyuma ya shafti kuu, si za kurudi nyuma. Mota yake ya fezi moja ilipoungua mara ya pili, fundi anayenisukia mota alikataa kuisuka tena. Akasema, "Mzee, nunua ya fezi tatu, wati 550, ufunge na inveta." Inveta hii ni kifaa kinachobadilisha umeme unaokwenda kwenye mota ili uchague kasi yake. Ushauri mzuri. Kilichonichosha ni maneno ya waliokuja kuangalia.

"Ukiwa na inveta, gia za nyuma ng'oa tu, spidi unapata kwa kitufe."

Hili ndilo linaloharibu kazi za watu. Inveta hupunguza kasi kwa kushusha hezi (mapigo kwa sekunde) za umeme unaoingia kwenye mota. Chini ya hezi 50 za umeme wa kawaida, msokoto wa mota, yaani jinsi inavyosukuma shafti izunguke, unabaki karibu uleule, lakini nguvu (wati) inashuka sambamba na kasi: hezi 25, nusu ya nguvu. Gia hufanya kinyume chake. Zinapunguza kasi na kuzidisha msokoto, na mota yenyewe inaendelea kuzunguka kwa kasi yake ya kawaida.

Tuseme una puli ya chuma cha kusubu, kipenyo milimita 150, unataka kuisawazisha uso. Mizunguko 62 inatosha. Ukiacha mkanda kwenye 640 na kushusha inveta hadi 62, umefika hezi 5 hivi, yaani sehemu ya kumi ya nguvu. Kwenye wati 550 zinabaki 55, hazifiki hata balbu ya wati 60. Kisu kikigusa chuma, mashine inasimama. Hamisha mkanda kwenye 357, ingiza gia za nyuma, rudisha hezi 50, na msokoto unaongezeka karibu mara kumi. Puli ileile inakatika bila kelele.

Tena feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake. Ukiizungusha taratibu saa nzima, feni nayo inapepea kivivu, mota inachemka. Mimi inveta naitumia kurekebisha kasi kidogo juu au chini ya ile niliyochagua kwa mkanda.

"Bila TANESCO kukuletea fezi tatu, mota ya fezi tatu ni pambo."

Hapana. Zipo inveta zinazopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230. Angalia kibao cha mota: kikiandikwa 230/400, funga koili zake kwa mtindo wa delta, unaofaa volti 230. Wengi huiacha kwenye sta, mtindo wa volti 400, kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani, halafu wanalalamika haina nguvu. Wana haki ya kulalamika, maana imebaki na kama theluthi moja tu ya msokoto wake.

"Basi nifunge inveta kwenye mota yangu ileile ya fezi moja."

Usifanye hivyo. Mota ya kapasita ina koili ya kuwashia na swichi ya ndani inayoikata kasi ikipanda. Ukiiendesha kwa hezi za chini, swichi hairuki, koili inabaki kwenye umeme mpaka inaungua.

Na swichi ya zamani ya mbele na nyuma usiiache katikati ya inveta na mota. Ukiikata mota inazunguka, unaweza kuua inveta. Ipeleke kwenye vituo vya udhibiti vya inveta yenyewe. Kabla ya kufungua kasha lake zima umeme na usubiri dakika zilizoandikwa juu yake, kwani kapasita za ndani hubaki na chaji ya kuua.

"Weka mota ya kilowati 2, itakata kama siagi."

Itakata meno ya gia. Fremu ya mashine haikunenepa kwa sababu umebadilisha mota. Vilevile usiikimbilie hezi 100: shafti kuu ya ML7 inazunguka ndani ya bushi za metali nyeupe laini, haipendi mbio.

"Ukibadilisha spidi katikati ya kukata nyuzi, hatua inaharibika."

Haiharibiki. Hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, inatoka kwenye gia zinazounganisha shafti kuu na skrubu ndefu. Mota ikienda pole, kisu nacho kinaenda pole.

"Weka breki kali, isimame papo hapo."

Hili nililiamini mwenyewe. Chaki ya ML7, kichwa chenye taya kinachoshika kazi, imefungwa kwa uzi. Nikaweka kusimama kwa sekunde moja. Shafti ikasimama, chaki ikaendelea kuzunguka na kujifungua. Ikaangukia kitanda cha mashine, mimi nikaruka nyuma. Alama ya taya ipo mpaka leo, upana wa kidole. Sasa nimeweka sekunde 6.