Bondia wa medali akienda ngumi za kulipwa: kwanza nionyeshe wapinzani wake

Watanzania Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike waliporudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022, swali nililoulizwa kila kona ya gym lilikuwa moja: kocha, hawa wakigeukia kulipwa si wanabeba mkanda wa dunia? Huwa najibu kwa swali: nani atawapangia mapambano kumi ya kwanza? Watu hudhani nakwepa, lakini kwangu hilo ndilo jibu lenyewe, na historia ya Afrika Mashariki inalionyesha vizuri kuliko mimi.

Chukua Waganda wawili. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa (ngumi zisizo za kulipwa) Havana mwaka 1974, mashindano ya kwanza kabisa ya aina hiyo. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 22, akaanza kulipwa huko Denmark. Alipiganishwa mara kwa mara, mapambano mengi yakienda hadi kengele ya mwisho, wapinzani wakipanda daraja taratibu. Oktoba 1979 akaenda Akita, Japani, akamfunga Masashi Kudo kwa pointi kwenye ardhi ya Kudo mwenyewe, raundi zote 15, akaondoka na mkanda wa WBA (moja ya taasisi, kama WBC na WBO, zinazotoa mikanda ya dunia) wa uzito wa light middle. Hakupoteza hata pambano moja la kulipwa mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard, Houston, Juni 1981, akasimamishwa raundi ya 9. Kupoteza kwa Leonard wa wakati ule si aibu kwa bondia yeyote.

John Mugabi alipata fedha ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, na kabla mwaka haujaisha alikuwa tayari analipwa, kijana wa miaka 20. Kwa nguvu ya ngumi alimzidi Kalule mbali. Hadi Machi 1986 alikuwa na mapambano zaidi ya 20 na yote aliyamaliza kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Mashabiki wanaipenda rekodi ya namna hiyo, ila mimi kama kocha inanitia wasiwasi. Usiku wa Las Vegas dhidi ya Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati, Mugabi alipiga ngumi ambazo zingewalaza wote waliomtangulia, na Hagler akabaki amesimama. Kuanzia pale Mugabi alikuwa mwanafunzi anayefanya mtihani wa somo ambalo hakuwahi kufundishwa. Raundi ya 11 akahesabiwa mpaka kumi. Baadaye, mwaka 1989, alipata mkanda wa WBC wa light middle, hivyo sisemi alishindwa maisha. Nasema alikutana na mzee wa kumchosha akiwa ameshafika kileleni, wakati alipaswa kukutana na watu wa aina hiyo kwenye pambano la sita au la saba.

Umri nao una hesabu yake. Philip Waruinge wa Kenya pengine ndiye fundi mkubwa kuliko wote waliotoka ukanda huu: shaba Mexico 1968 pamoja na Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia bora wa Olimpiki nzima, kisha fedha Munich 1972. Alipohamia Japani kulipwa mwaka 1973 alikuwa na miaka 28, na mwili uliokwisha kupigana kwa miaka mingi. Mwaka 1976 alipata nafasi ya mkanda wa WBC wa uzito wa super bantam, Panama, akashindwa na Rigoberto Riasco. Ufundi ulikuwepo. Muda wa kujifunza kazi mpya ndio uliokuwa umeisha.

Ni kazi mpya kweli, watu wasidanganywe na glavu. Bondia wa ridhaa anaishi ndani ya dakika tisa. Kasi yake yote, pumzi yake yote, hata namna anavyofikiri, imepangwa kwa raundi tatu, kama mkimbiaji wa mita 800 anayeambiwa sasa akimbie 10,000. Glavu zenyewe zinapungua: wa kilo 60 anatoka aunsi 10 kwenda 8, wa kilo 70 anatoka 12 kwenda 10. Mizani ya ridhaa ni asubuhi ya siku ya pambano, ya kulipwa ni siku moja kabla, kwa hiyo mtu uliyepima naye sawa anapanda ulingoni amerudisha kilo kadhaa. Na ile hesabu ya nane ukiwa umesimama, ambayo mwamuzi wa ridhaa hukupa ukiyumba, kwa kulipwa sehemu nyingi haipo. (Kwa wanawake baadhi ya mambo yamegeuka: raundi za kulipwa kwa kawaida ni za dakika mbili, za ridhaa ni tatu. Hilo linahitaji makala yake.)

Kubwa zaidi kwangu ni mbavu. Kati ya 1992 na 2012 ridhaa ilihesabiwa kwa kompyuta, majaji wakibonyeza vitufe, na ngumi ya tumbo ilikuwa ngumu kuonekana. Kizazi kizima kikaacha kupiga mwili, na kikasahau pia kuulinda. Vasyl Lomachenko, dhahabu mbili za Olimpiki, mtu aliyepoteza pambano moja tu katika karibu 400 ya ridhaa, aligombea mkanda wa WBO kwenye pambano lake la pili la kulipwa, Machi 2014. Mwenye mkanda, Orlando Salido, alizidi uzito, akavuliwa mkanda pale pale kwenye mizani, kisha usiku wa pambano akamkumbatia Lomachenko, akamsukuma, akampiga mwilini na chini ya mkanda. Salido akashinda kwa uamuzi wa majaji uliogawanyika. Miezi mitatu baadaye Lomachenko akamshinda Gary Russell Jr. na kuuchukua mkanda ule ule. Alijifunza upesi, lakini Lomachenko ni mmoja. Ukiona promota anatumia mfano wake kumharakisha kijana wako, kuwa macho.

Kuna jambo ambalo sipendi kuliandika ila lazima. Robert Wangila alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani kwenye fainali ya Seoul 1988, na mpaka leo ndiye Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya 9. Wangila akalalamika kwamba bado anaweza, akaanguka chumba cha kubadilishia nguo, akafariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 26. Raundi tatu zinaficha mengi kuhusu uwezo wa mtu kupokea ngumi. Sikubali bondia wangu apande kutoka raundi sita hadi kumi bila vipimo vya kichwa.

Hapa kwetu kuna la ziada. Mabondia wengi bora wa ridhaa wameajiriwa na jeshi, polisi au magereza. Wana mshahara. Akiuacha, anaingia mikononi mwa promota anayetaka rekodi safi haraka, na njia rahisi ni kumletea vibonde: ushindi nane, KO nane, hakuna raundi iliyozidi ya tatu. Kwenye karatasi anang'aa, ila ulingoni hajaongeza kitu tangu siku ya medali.

Mwenye miaka 22 mwenye medali ningempangia hivi mwaka wa kwanza: mapambano matano au sita, yakianzia raundi nne. Wawili wawe ni wazee waliopoteza mara nyingi bila kulala chini, wanaojua kushika, kukanyaga na kuegemea. Mmoja awe mtumia kushoto, mmoja awe mpiga mbavu. Nataka walau mara mbili asikie kadi za majaji zikisomwa. Akipita hapo ndipo meneja wake anipigie simu tuzungumze mikanda.